Hotirodi Hujengwa Kutoka Chini Kwenda Juu

Mbio ndizo zinazowavuta watu kwenye magari ya kale yaliyoongezwa nguvu. Chasisi iliyonyooka, usukani usioyumba na breki zinazoshika ndizo zinazoyafanya yadumu. Huu hapa ni mpangilio wa kazi kwa anayetaka kujenga au kukarabati hotirodi na kuimaliza.

Ukipekua matangazo ya magari ya kale nchini Marekani hutakosa tangazo la namna hii: Ford ya miaka ya 1930, injini imeundwa upya na kupambwa kwa kromu, bodi imeshapigwa rangi, lakini breki hazijafungwa, waya hazijavutwa, na spea nyingine zimo ndani ya maboksi. Muuzaji anasema hana tena muda. Picha zinasema zaidi: kazi ilianzia juu. Fedha zilienda kwanza kwenye vitu vinavyopendeza macho, vile vinavyobeba gari vikaahirishwa, na mfuko ukakauka kabla gari halijatembea hata mita moja.

Anayetaka kuepuka mwisho huo hahitaji kuwa tajiri wala fundi wa kuzaliwa. Anahitaji kukubali mpangilio mmoja na kuushika hadi mwisho: chasisi kwanza, kisha usukani na breki, kisha injini na upoozaji wake, kisha umeme, na rangi mwisho kabisa. Kila hatua huandaa inayofuata. Anayeruka moja hulazimika kuirudia, na safari hii kwa kubomoa alichokwisha kukilipia.

GARI LA VIJANA WASIO NA FEDHA

Hotirodi ni gari la kawaida la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu na mwenyewe. Chimbuko lake ni kusini mwa California, kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage, ambako vijana wa miaka ya 1930 walipata uwanda mgumu na mpana wa kupimia mwendo. Walivua madigadi, kioo cha mbele na kila kilichoongeza uzito, wakaenda kushindana na saa.

Ford ndiyo iliyowafaa. Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, iliuzwa zaidi ya milioni 15, na Model A ikafuata hadi 1931. Mitumba yake ilikuwa kila mahali na bei yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1932 Ford ikaleta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye gari la bei nafuu: injini ya V8, ya karibu lita 3.6 na nguvu za farasi 65, bloku yake yote ikiwa imemiminwa kwa mkupuo mmoja. Injini hiyo, inayojulikana kwa hedi zake bapa, iliendelea kutengenezwa Marekani hadi 1953. Gari la 1932 lenyewe, jepesi na lenye umbo safi, likawa kioo cha hotirodi zote zilizofuata.

Kuna jambo katika historia hii ambalo wajenzi wa leo husahau. Mwishoni mwa 1937 klabu za vijana hao ziliungana na kuunda Southern California Timing Association, chama kilichopanga mashindano, kupima mwendo kwa utaratibu na kusimamia usalama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mchezo ulilipuka. Jarida la Hot Rod lilitoka Januari 1948, mwaka uliofuata mbio za chumvi za Bonneville zikaanza katika jimbo la Utah, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha National Hot Rod Association ili kuwatoa vijana kwenye mashindano ya barabarani na kuwapeleka kwenye viwanja vyenye ukaguzi. Hata leo gari haliruhusiwi kukimbia El Mirage au Bonneville kabla halijakaguliwa. Waliobuni mchezo huu walizika wenzao, wakajifunza kwamba mwendo bila nidhamu ni kifo. Nidhamu hiyo ni sehemu ya urithi wa hotirodi kama ilivyo injini ya V8.

NUNUA HATI KABLA YA KUNUNUA CHUMA

Kazi huanza kabla ya kushika spana. Kwenye Ford za miaka hiyo namba ya gari imegongwa juu ya ubao wa kushoto wa chasisi, na mara nyingi sehemu yake imefichwa chini ya bodi. Namba hiyo lazima ilingane na ile ya kwenye hati ya umiliki. Isipolingana, usimpe muuzaji hata senti ya kushikia bei. Chuma kilichooza hutengenezeka, lakini gari lenye namba ya utata linaweza kukosa usajili hata baada ya miaka ya kazi yako.

Hatari ya pili ni kutu, na ina maficho yake: chini ya milango, kwenye kona za chini za bodi nyuma ya magurudumu, kwenye sakafu, kwenye kitako cha buti, na kwenye mbao za chuma zinazoibeba bodi juu ya chasisi. Chukua sumaku ndogo uipitishe sehemu hizo. Inapoacha kunata, chini ya rangi kuna puti. Gonga kwa kifundo cha kidole usikilize: bati tupu hulia, puti nene hutoa mlio mzito.

Uliza pia kuhusu mbao za miti. Bodi za Ford za miaka ya mwanzo ya 1930 kwa sehemu kubwa ni chuma, na mti umewekwa maeneo machache kama paa. Chevrolet za wakati huohuo zilijengwa juu ya fremu ya mbao, na mbao zikioza milango hulegea na bodi nzima hupoteza umbo. Kwa mjenzi wa mara ya kwanza tofauti hiyo ni kubwa. Ufundi wa kuchomelea utautumia kwenye Ford, lakini kwenye Chevrolet utahitaji pia seremala.

Ukishindwa kupata bodi ya zamani iliyo nzima, usione aibu kununua mpya. Brookville Roadster ya jimbo la Ohio hutengeneza bodi mpya za chuma za Model A na za Ford ya 1932, na wapo wanaotengeneza za nyuzi za kioo. Lililo muhimu ni kununua gari lililo kamili kadiri uwezo wako unavyoruhusu. Kitasa, bawaba na vishikio vya vioo vya miaka tisini iliyopita, vikinunuliwa kimoja kimoja, hula fedha kuliko injini.

CHASISI NDIYO MSINGI WA NYUMBA

Chasisi ya Ford ya 1932 imeundwa kwa mbao mbili za chuma zilizokunjwa kwa umbo la herufi C, wazi upande wa ndani. Ilitengenezwa kubeba nguvu za farasi 65. Ukiweka injini ya nguvu mara tatu au nne, chasisi hiyo itajipinda kila unapokanyaga mafuta, milango itagoma kufunga na nyufa zitatokea penye riveti.

Dawa yake ni kuufunga upande ule ulio wazi kwa bamba la chuma la unene wa karibu milimita 5, ili herufi C igeuke kuwa boksi. Kazi hii huharibika kwa pupa. Joto la kuchomelea huvuta chuma, na mstari mrefu uliochomelewa kwa mkupuo mmoja unaweza kuipinda chasisi hata isinyooke tena. Ifunge kwanza kwenye meza nzito iliyosawazishwa kwa pimamaji. Chomelea sentimita chache, hamia upande wa pili, hamia mbele, rudi nyuma, na uache chuma kipoe kati ya hatua moja na nyingine.

Pima kabla, wakati na baada ya kuchomelea. Kipimo kikuu ni cha mshazari: kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita 3, simama urekebishe. Umbali kati ya ekseli mbili za Ford ya 1932 ni inchi 106, yaani karibu sentimita 269, na pande zote mbili lazima zisome sawa. Chasisi iliyopinda haifichiki: gari litavuta upande mmoja siku zote, na tairi zitalika bila sababu ya kuonekana.

Kabla ya kuchomelea kishikio chochote cha injini au gia boksi, simamisha gari zima kwa majaribio. Weka tairi na rimu zilezile utakazotumia, kaza springi, kalisha bodi, shusha injini, simamisha rejeta. Hapo ndipo utakapojua kama sampu ya oili inagonga ekseli, kama usukani unapita kando ya ekzosi, na kama goti lako linapata nafasi. Shika kwa nukta chache tu za kuchomelea, na ukishahakikisha vyote vimekaa ndipo umalizie.

USUKANI: GARI LIENDE UNAKOLIPELEKA

Sehemu ya mbele ya hotirodi ya jadi ni ekseli moja ya chuma kizima iliyobebwa na springi moja iliyolala kukingama. Ni mfumo wa kale, lakini ukifungwa sawasawa unatulia barabarani. Kipimo kinachoutuliza ni mlalo wa kingipini kuelekea nyuma. Kwa ekseli ya aina hii nyuzi 5 hadi 7 hufaa. Ukipungua, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona na gari litatangatanga kwenye mwendo. Tairi za mbele zielekeane kwa ndani kidogo, milimita 1.5 hadi 3, na bushi zote za kingipini ziwe mpya.

Wengi hupenda kuzitenganisha zile nguzo mbili za Ford zinazoishika ekseli na kuzifunga pembeni mwa chasisi ili kupata nafasi ya injini. Hilo halina tatizo kama ekseli ni ya umbo la I, kwa kuwa inaweza kujipinda kidogo gurudumu moja linapopanda tuta. Ekseli ya bomba haijipindi, hivyo mkazo wote huishia kwenye mabano na nyufa hufuata. Mwenye ekseli ya bomba atumie mfumo wa fito nne.

Ukiweka boksi ya usukani inayosukuma fito kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ongeza pia fito ya kuizuia ekseli isicheze kushoto na kulia juu ya springi. Bila fito hiyo, sehemu ya kila mzunguko wa usukani hupotea kwa kuisogeza ekseli badala ya kugeuza tairi. Kisha fanya jaribio lisilogharimu chochote: ondoa springi, inua na kushusha ekseli kwa jeki, huku ukitazama tairi. Zikijigeuza zenyewe ekseli inapopanda na kushuka, fito ya usukani imefungwa pabaya, na kila shimo la barabarani litakupokonya usukani mikononi.

Kila jointi ya usukani ifungwe kwa nati yenye meno na pini yake. Usipeleke mikono ya usukani kupakwa kromu mahali popote tu, kwa sababu mchakato huo huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla, isipokuwa kikiokwa mara baada ya kupakwa. Kipuri cha usukani kikaguliwe kwanza kama kina ufa. Uzuri wake uje baadaye.

BREKI ZISIZOSAMEHE UZEMBE

Ford zote hadi 1938 zilikuwa na breki za fito na nyaya. Breki za mafuta zilianza kwenye magari ya Ford ya 1939, na vijana wa California hawakuchelewa: walizing'oa kwenye gari jipya lililogongwa na kuzifunga kwenye ekseli za zamani. Nani leo asifuate mfano wao? Kuweka injini yenye nguvu juu ya breki za fito ni kujitafutia msiba wewe na wapita njia.

Masta silinda iwe ya njia mbili, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, ili paipu moja ikipasuka nusu ya breki ibaki. Pedali ipate mkono wa kutosha: umbali kutoka ekseli yake hadi unyayo uwe karibu mara sita ya umbali hadi fimbo ya masta silinda. Ukikuta breki ngumu kama jiwe na gari halisimami, angalia kipimo hiki kwanza kabla ya kulaumu diski.

Kwenye hotirodi nyingi masta silinda hukaa chini ya sakafu, chini kuliko breki zenyewe, na mafuta huweza kurudi nyuma kwa uzito wake. Kwa hiyo huwekwa valvu ndogo za kubakiza presha: ya pauni 2 kwa kila inchi ya mraba kwenye njia ya diski, na ya pauni 10 kwenye njia ya ngoma. Ukizibadilisha nafasi, diski zitabaki zimeshika na kuungua. Njia ya nyuma iwekewe pia valvu ya kupunguza nguvu, kwa sababu nyuma ya gari hizi ni nyepesi na magurudumu yake hufunga mapema.

Paipu ziwe za chuma za breki, ncha zake zikunjwe mara mbili. Paipu ya shaba tupu haifai, na viungio vya mabomba ya maji havifai hata kwa dharura. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, inua na kushusha ekseli, uhakikishe mpira wa breki haugusi tairi wala haujivuti. Usichanganye mafuta ya breki ya kawaida na yale ya silikoni. Ukimaliza kutoa upepo, mtu akanyage pedali kwa nguvu kwa dakika kadhaa huku wewe ukipita kila kiungo kwa tochi na kitambaa kikavu.

Na tahadhari moja ya afya: viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbestosi. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lilowanishe, ulifute, ulitupe likiwa limefungwa.

INJINI NA JOTO LAKE

Mwenye kupenda uasili atachagua V8 ya hedi bapa. Aifahamu basi tabia yake. Valvu zimo ndani ya bloku, na moshi wa moto hupita katikati ya bloku kabla ya kutoka nje, huku silinda mbili za kati kila upande zikitumia tundu moja. Joto lote hilo huingia kwenye maji. Ndiyo maana injini hizi huchemka, na ndiyo maana bloku nyingi zina nyufa kati ya viti vya valvu na silinda, au kuzunguka matundu ya boliti za hedi.

Kwa hiyo usilipie kazi ya kukereza kabla bloku haijapimwa nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Ikipita mtihani, safisha njia za maji kwa subira. Ndani yake mna kutu ya miongo mingi, na mara nyingi hata mchanga uliobaki tangu ilipomiminwa kiwandani. Boliti za hedi huingia kwenye maji, hivyo zipakwe gundi ya kuzuia kuvuja. Pampu za maji ni mbili, moja kila upande, na themostati pia mbili. Ukirudisha kabureta zake maarufu za Stromberg 97, presha ya petroli isizidi pauni 3, ama sivyo zitafurika. Mipira ya petroli iwe ile inayostahimili petroli ya leo yenye ethanoli, kwa sababu mpira wa zamani hulainika na kupasuka.

Anayetaka nguvu kwa gharama ndogo kwa kawaida hugeukia V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265. Spea zake zinapatikana kirahisi. Shida yake ndani ya Ford ya zamani ni distribyuta kukaa nyuma, ikigongana na ukuta wa moto. Wengine huuingiza ukuta ndani, wengine huisogeza injini mbele hadi feni ibusu rejeta. V8 ndogo ya Ford ya miaka ya 1960 ina distribyuta mbele, lakini sampu yake hushuka kwa mbele na kugombana na chasisi. Hakuna injini isiyo na gharama yake. Ndiyo sababu ya kuisimamisha ndani ya gari kabla ya kununua mapambo.

Kemishafti mpya ya tapeti bapa ina saa moja ya hatari: ile ya kwanza. Ipake mafuta yake maalumu, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikishawaka isiachwe itulie kwa mlio wa chini. Ishikilie kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika 20, ukiipandisha na kuishusha kidogo.

Kwenye upoozaji, feni iwe umbali wa kama sentimita 2.5 kutoka kwenye rejeta na izungukwe na kava linalolazimisha hewa kupita rejeta nzima. Gari linalochemka kwenye foleni lakini likatulia barabarani lina upungufu wa hewa. Linalochemka kwenye mwendo lina upungufu wa maji, au rejeta iliyoziba.

Nguvu ikishatoka kwenye injini inahitaji njia iliyonyooka. Ukiacha bomba la kale la Ford lililofunika propela shafti, utahitaji difu nyingine. Ile ya Ford ya inchi 9, iliyotoka kati ya 1957 na 1986, imependwa kwa uimara wake. Pembe ya gia boksi na pembe ya difu ziwe sawa na zielekee kinyume, tofauti yao isizidi nyuzi moja. Zisipolingana, gari litatetemeka na jointi hazitadumu. Funga pia kitanzi cha chuma chini ya sehemu ya mbele ya propela shafti, ili ikikatika isichimbe lami.

UMEME: WAYA MOJA, KAZI MOJA

Kuanzia Model A, Ford za Marekani zilitumia volti 6, upande chanya ukiwa umefungwa kwenye bodi, hadi magari ya 1955. Mwaka 1956 zikahamia volti 12. Ukibadilisha gari la zamani kwenda volti 12, upande hasi ndio unaofungwa kwenye bodi, na taa zote, koili na mfumo wa kuchaji hubadilishwa. Geji za asili huhitaji vipunguza volti. Stata ya volti 6 mara nyingi huendelea kufanya kazi, mradi usiishikilie kwa muda mrefu.

Usirithi waya za zamani, hata zikionekana nzima. Gamba lake la nguo limekauka, na litavunjika siku utakayolikunja. Vuta waya mpya, kila moja na fyuzi yake, na fyuzi kuu iwe karibu na betri. Kila tundu la bati linalopitiwa na waya liwe na raba. Taa kubwa na feni ya umeme zipitishwe kwenye rilei. Kisha funga waya nene za kurudisha umeme kutoka injini hadi chasisi na kutoka chasisi hadi bodi. Nusu ya maajabu ya umeme kwenye magari ya kale, taa zinazofifia na geji zinazocheza, hutokana na kukosekana kwa waya hizo.

BODI NA RANGI MWISHO

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Gari likishakamilika kimitambo, liendeshe likiwa chuma kitupu. Litazame linapovuja, linapogonga, linapolegea. Kata, chomelea, toboa unapohitaji. Baada ya hapo lifungue lote, ndipo upake rangi. Anayepaka kwanza atalazimika kutoboa na kuchomelea juu ya rangi aliyoilipia.

Chasisi inaweza kusafishwa kwa mchanga wa presha. Paneli pana za bodi, zenye unene wa karibu milimita 1, hupinda zikipigwa hivyo, hivyo tumia dawa ya kuondolea rangi au punje laini. Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima, kipande kipya kikae sawasawa na kuchomelewa nukta kwa nukta, kisha kigongwe kwa nyundo na chuma cha kukingia ili bati lililovutwa na joto lirudi mahali pake. Puti ni ya kusawazisha tu, na isizidi milimita 3. Bati likinyooshwa vizuri hata hiyo ni nyingi.

Kukata nguzo ili kushusha paa ni kazi ya kuvutia na ya hatari. Nguzo zimelala, kwa hiyo paa likishuka halikutani tena na nguzo zake. Itabidi kulirefusha au kuziinamisha, na vioo vyote kukatwa upya. Ukiwa mwanzoni, liache paa kama Ford walivyolileta.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumishi hutoa isosianeti, sumu inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Panahitajika ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Na tangi la petroli lisichomelewe kamwe na asiye na vifaa vya kazi hiyo, hata likiwa tupu kwa miaka, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unatosha kuua. Nunua tangi jipya.

SIKU YA KWANZA BARABARANI

Safari ya kwanza iwe fupi, mahali pasipo na magari, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Jaribu breki mara kadhaa. Rudi, inua gari, pitia kila nati ya magurudumu, ya usukani na ya breki. Toka tena kwa mwendo wa juu kidogo, na ukague tena. Endelea hivyo hadi mikono yako isipokuta kitu kilicholegea, na usimbebe abiria kabla ya hapo.

Mpangilio huu haufi kwa kuvuka bahari. Fundi wa Arusha au Nakuru anayefufua Land Rover Series anashughulikia gari lenye chasisi yake peke yake kama Ford ya 1932, na zile zilizotengenezwa kabla ya 1967 nazo zilifungwa upande chanya kwenye bodi. Atakutana na maswali yaleyale ya kutu, nyufa, breki na waya zilizokauka, na majibu yake hufuata mpangilio uleule.

Vijana wa Muroc na El Mirage waliheshimiwa kwa magari yaliyoondoka mstarini, yakafika mwisho wa njia yao na kusimama salama. Mradi unaokaa kwenye maboksi haumheshimu aliyetengeneza gari hilo wala anayelimiliki sasa. Anza na chasisi, maliza breki kabla hujaiwasha injini kwa safari, na uiache rangi isubiri. Ukifika hatua ya rangi utakuwa na gari linaloendeshwa, na gari linaloendeshwa halikosi mtu wa kulimalizia.